Umemkuta mbwa koko anaumwa, unaanzia wapi?

Swali: Kuna mbwa koko kalala tu njiani, amekonda mbavu zote nje, nimbebe nimpeleke kwa daktari?

Jibu: Subiri kwanza, usimrukie. Mbwa mwenye maumivu anang'ata hata aliyemlea, sembuse wewe asiyekujua. Simama mbali kidogo umwangalie, anayumba? udenda unamtoka? taya limelegea? Wengi tunajua kichaa cha mbwa ni ukali na kukimbiza watu, kumbe kipo kile cha kupooza, mbwa anakuwa kimya, hawezi kumeza, basi mtu anadhani amekwamwa na mfupa anaingiza mkono mdomoni, na hapo ndo balaa linapoanza. Ukiona hivyo usimguse kabisa, mpigie daktari wa mifugo aje. Kama hana dalili hizo bado vaa glavu nene, mfunike na blanketi ndo umbebe.

Swali: Amenikwaruza na jino kidogo tu, si haina shida?

Jibu: Ina shida. Osha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo, mambo ya kusubiri uone kama mbwa atakufa achana nayo. Dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Hata akikulamba penye mchubuko ni hivyohivyo.

Swali: Nimpe chakula ashibe na panadol kidogo?

Jibu: Panadol hapana, ibuprofen ndo usithubutu, zinaharibu ini, figo na tumbo la mbwa. Chakula mpe kidogokidogo mara nyingi kwa siku, maana mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla madini kwenye damu yanavurugika na moyo unaweza kusimama, yani huruma yako ndo inammaliza.

Swali: Kwa daktari wanafanya nini?

Jibu: Joto kwanza. La kawaida kwa mbwa linafika mpaka 39 na kidogo, kwa hiyo ile ya kumshika masikio ukasema ana homa ni kujidanganya tu. Ataangalia fizi, zikiwa nyeupe damu imepungua, mara nyingi ni kupe au minyoo. Damu na kinyesi vipimwe, mi naona hapa usibanie hela, dawa ya kubahatisha ndo inakula hela zaidi. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu mwambie daktari mapema, inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, huyo anahitaji dripu leo sio kesho.

Swali: Nina mbwa mwingine nyumbani.

Jibu: Watenge angalau wiki mbili, vyombo mbalimbali, na uhakikishe wa kwako ana chanjo. Virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi mingi, sabuni ya kawaida haiviui, tumia dawa ya klorini. Na kama mgeni ana upele wa kunyonyoka manyoya, watoto wasimkumbatie kwanza, aina nyingine inahamia kwa watu.