Distopia ni nini hasa, na mbona wasomaji wake hawaishi kugombana?

Ukipitia maoni ya watu kuhusu riwaya za vijana utakutana na neno distopia kila kona, na wengi wanalitumia kumaanisha tu stori ya kutisha ya miaka ijayo. Hiyo haitoshi jamani, maana ukiichukulia hivo nusu ya malalamiko ya wasomaji hutayaelewa.

Distopia ni jamii ya kubuni ambayo imepangwa, na huo mpango wenyewe ndio unaowaumiza watu. Kuna watawala au tabaka fulani limekaa likatunga sheria, likaweka walinzi, shule, televisheni, sikukuu, mpaka maneno ya kusema na ya kutosema, ili raia aone kwamba hali ilivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, na anayefaidika anakwambia kabisa huu ndio utulivu tuliokuwa tunautafuta. Njaa peke yake sio distopia. Njaa ambayo kuna mtu anaishikia daftari, anajua nani apewe na nani anyimwe ili anyamaze, hiyo ndo distopia.

Ndo maana inatofautiana na zile stori za dunia baada ya maangamizi, ambapo bomu limelipuka au ugonjwa umefagia watu na waliobaki wanatafuta maji na mahali pa kulala. Kule sheria zimeisha, huku sheria zimezidi. Sema waandishi wengi wanachanganya, maafa yanakuja kwanza alafu utawala mkali unazaliwa humo humo kwa kisingizio cha kuwaokoa watu.

Sasa mfano ambao karibu kila mtu anaujua, The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka 2008 (kama hujasoma vitabu vyote vitatu, huko chini nimetaja mambo ya mwisho). Nchi inaitwa Panem, ina wilaya 12 na mji mkuu, na kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, umri miaka 12 hadi 18, wanaenda kuuana mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Watu wakiulizwa distopia iko wapi hapo wanaonyesha uwanja wa mapigano. Mimi nadhani iko wazi zaidi kwenye kitu kidogo ambacho wasomaji wengi wanakiruka: mtoto wa maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye droo inayochagua nani aende kuuana ili apewe nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, na majina hayafutwi, yanarundikana mwaka hadi mwaka. Katniss, binti anayesimulia kitabu, ana miaka 16 na jina lake limeingia mara 20, rafiki yake Gale ana 18 na lake liko mara 42, wakati binti wa meya hajawahi kuhitaji hiyo nafaka. Yaani kwenye karatasi droo ni ya haki, kila mtoto ana jina humo, ila ukweli ni kwamba njaa ndio inayochagua. Na ubaya wake unaingia mpaka kwenye urafiki, maskini anamchukia mwenye nafuu wa wilaya yake badala ya kumchukia aliyetengeneza droo. Hapo hakuna hata tone la damu lililomwagika bado.

Ukishalielewa hilo utaona kwa nini riwaya za aina hii zinawagawa wasomaji. Ndani yake kuna stori mbili zinakimbia pamoja. Moja ni ya kupigania uhai, nani ana upinde, nani kajificha juu ya mti, maji yako wapi, nani atakufa leo, na hii ndio inakufanya usilale mpaka saa tisa usiku. Nyingine ni ya mfumo, ambayo inakwenda polepole na inauliza maswali mazito. Msomaji aliyeingia kwa ajili ya ya kwanza anachoka ya pili ikianza kushika usukani, na aliyeingia kwa ajili ya pili anakereka kuona watu wanabishana ni timu Peeta au timu Gale, yaani yupi kati ya hao vijana wawili wanaompenda Katniss ampate, wakati watoto wamekufa. Mi naona wote wana haki yao, mapenzi kwenye kitabu kile yanachezwa mbele ya kamera ili watazamaji watume misaada, kwa hiyo hata hilo la timu limo ndani ya stori yenyewe, mwandishi alishaona kwamba watu wanaotazama mateso watataka na mapenzi juu yake.

Na hapa ndo pagumu: msomaji anawekwa kwenye kiti cha mtazamaji. Unakilaani kile kipindi cha televisheni huku unafungua ukurasa unaofuata ujue nani kabaki. Watu wengine wakilihisi hilo wanamkasirikia mwandishi, wanasema anauza ukatili wa watoto. Sio hoja ya kudharau, ila kuna tofauti kati ya kitabu kinachokuonyesha kifo upite na kitabu kinachokufanya ubaki na aliyekufa. Katniss anamfunika Rue, msichana mdogo wa wilaya nyingine aliyeuawa uwanjani, kwa maua na kumwimbia, na wenye mashindano hawataki kulionyesha hilo, maana maiti ikishakuwa mtoto wa mtu burudani imeisha.

Wazazi na walimu nao walikuwa na lao. Kitabu hiki kiliingia kwenye orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2010, 2011 na tena 2013, sababu zikiwa ni pamoja na ukatili na kutofaa kwa umri wa wasomaji wake.

Filamu ilipotoka 2012 likaja jingine lililoniuma kweli, baadhi ya mashabiki walilalamika hadharani kwamba Rue kachezwa na msichana mweusi, wengine wakasema kifo chake hakikuwagusa tena kama walivyokisoma, wakati kitabu kimeandika wazi kwamba ana ngozi ya kahawia iliyokolea. Walisoma wakampenda wakiwa wamempa rangi wanayoitaka wao. Kwenye stori inayouliza mtoto wa nani anastahili kuliliwa, hayo malalamiko yanajibu swali vibaya sana.

Kwingine mapokezi yakawa mazito kwa namna tofauti kabisa. Baada ya jeshi kupindua serikali Thailand mwaka 2014, waandamanaji waliinua vidole vitatu kama wilaya za Panem zinavyofanya na wapo waliokamatwa kwa hilo, na 2021 ishara hiyo hiyo ikaonekana Myanmar. Mtu akikwambia hizi ni hadithi za watoto, hao hawakuzisoma kitoto.

Ugomvi mkubwa kuliko yote lakini ni wa mwisho wa stori. Kwenye kitabu cha tatu, cha 2010, Prim anakufa, yaani yule mdogo wake Katniss ambaye kila kitu kilianza kwa kumwokoa, na Katniss anamaliza vita akiwa amevunjika, anajificha, anaota ndoto mbaya hata baada ya miaka, hata baada ya kupata watoto. Wengi walisema wamesalitiwa, walitaka shujaa asimame juu ya magofu akishangiliwa. Nawaelewa, ukikaa na mtu kurasa zote hizo unamtakia mema. Ila mapinduzi pale yanakuja na rais mpya, Coin, ambaye kitu cha mapema kabisa anachopendekeza ni mashindano mengine ya kuuana, safari hii kwa watoto wa mji mkuu, kwa hiyo mpango ule ule ulikuwa unajengwa upya na watu waliojiita wakombozi. Katniss aliona hilo akaelekeza mshale kwake badala ya kwa Snow, rais wa zamani aliyepinduliwa. Binti wa miaka 17 aliyefanya hivyo, baada ya kumpoteza mdogo wake, sijui watu walitegemea atoke humo akiwa anacheka vipi.