Je, wajua kwa nini ajuza mwenye matusi ndiye aliyeitwa jasiri kuliko wote katika To Kill a Mockingbird?

Mwulize yeyote aliyeisoma To Kill a Mockingbird ya Harper Lee nani jasiri humo ndani, atakutajia Atticus Finch: wakili mzungu wa mji mdogo huko Alabama, kusini mwa Marekani, anayekubali kumtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana wa kizungu. Atticus mwenyewe anataja mtu mwingine. Anapowaambia watoto wake ni nani aliyekuwa jasiri kuliko watu wote aliopata kuwajua, anamtaja jirani yao Bi. Dubose, ajuza mgonjwa, mbaguzi asiyejificha, ambaye kazi yake ni kukaa barazani na kuwatukana wapita njia. Anayetukanwa zaidi ni Atticus huyohuyo.

Sasa kwa nini mwandishi amvishe nishani mtu wa namna hiyo?

Riwaya ilitoka Julai 1960, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer, lakini kisa chake ni cha miaka ya 1930, katika mji wa kubuni uitwao Maycomb. Msimulizi ni Scout, binti wa Atticus, ambaye mwanzoni hajatimiza miaka sita. Kaka yake Jem amemzidi miaka minne. Ukiangalia mpangilio wa sura utaona jambo: kisa cha Bi. Dubose ni sura ya 11, ya mwisho katika sehemu ya kwanza. Baada yake mwandishi anaanza safari ya kutupeleka mahakamani. Na sura inayoitangulia, ya 10, ni ya bunduki.

Humo watoto wanamwonea baba yao haya. Anakaribia miaka 50, anavaa miwani, hawindi, hachezi mpira kama baba za wenzao. Siku moja ya Februari mbwa mwenye kichaa anaingia mtaani akipepesuka. Sherifu anamkabidhi Atticus bunduki, risasi moja tu, mbwa chini. Kumbe mzee wao alikuwa mlenga shabaha hodari kuliko wote wilayani na hakuwahi kuwagusia hata kwa utani. Watoto midomo wazi. Mwandishi mwingine angetosheka hapo. Shujaa amepatikana, tuendelee na kesi.

Lee anafungua ukurasa mwingine. Siku moja baada ya Jem kutimiza miaka 12, Bi. Dubose anawarushia watoto maneno kwamba baba yao si bora kuliko hao weusi na takataka anaowatetea. Jem anayameza. Wakirudi kutoka dukani, anampokonya Scout kifimbo chake kipya cha gwaride, anaingia kwa ajuza na kuifyeka miti yake ya kamelia hadi matumba na majani yametapakaa chini. Atticus anamtuma akaombe radhi. Adhabu anayoitoa yule bibi ni ya ajabu: Jem aje kumsomea kitabu kila siku baada ya shule, na Jumamosi pia, kwa muda wa saa mbili, mwezi mzima.

Scout anamsindikiza. Chumba kinanuka, ajuza anatokwa na mate, matusi hayakomi. Kisha mwili unaanza kumtetemeka, saa ya kengele inalia, watoto wanatolewa nje ili apewe dawa. Ni Scout anayetambua kwamba kila siku ile kengele inachelewa kidogo kuliko jana yake.

Bibi anapokufa ndipo Atticus anapofungua fumbo. Bi. Dubose alikuwa mraibu wa mofini, aliyoanzishiwa na daktari miaka mingi nyuma kutuliza maumivu. Alijua siku zake zimekwisha, na angeweza kuendelea nayo afe bila kuumia. Hakuna ambaye angemlaumu. Akakataa. Alitaka kufa bila kutawaliwa na kitu chochote wala kuwa na deni kwa mtu yeyote. Kusomewa kulikuwa njia ya kuisogeza dozi mbele, dakika kwa dakika. Alikuwa na uzito wa kilo zipatazo 44 tu, na vita hivyo alivishinda.

Atticus anamwambia mwanawe kwamba hata kama asingeyafyeka maua, bado angempeleka kwa yule bibi. Hakutaka akue akidhani ujasiri ni mwanamume aliyeshika bunduki. Ujasiri, kwa maelezo yake, ni kujua kabla hujaanza kwamba umeshashindwa, ukaanza hivyo hivyo, na ukalifikisha jambo mwisho wake. Kwa maneno hayo anaizima ile risasi ya sura iliyotangulia. Kumwua mbwa kwa mtu mwenye shabaha yake si mtihani. Mtihani ni kesi inayokuja, ambayo Atticus anajua tangu siku ya kwanza kwamba hawezi kuishinda.

Lakini kwa nini mbaguzi? Lee angeweza kutupa mgonjwa mpole, tukamlilia na mambo yakaisha. Nadhani hapa ndipo penye ufundi wake. Jem anafundishwa kushika mambo mawili mkono mmoja: kwamba yule bibi alikosea, tena vibaya, kuhusu watu weusi na kuhusu baba yake, na kwamba alikuwa na moyo ambao wengi hawana. Mtoto hapendi hivyo. Mtoto anataka watu wazuri huku, wabaya kule. Bibi amemwachia kisanduku chenye ua jeupe la kamelia. Jem anapiga kelele na kukitupa kisanduku motoni, ua analibakiza. Sura inamalizika usiku, ameketi akilipapasa lile ua kwenye vidole.

Mafunzo hayo yanampata Jem kwa ukali mahakamani. Atticus anaonyesha wazi kwamba Mayella Ewell, msichana anayedai kubakwa, alipigwa zaidi upande wa kulia wa uso, kwamba baba yake Bob Ewell hutumia mkono wa kushoto, na kwamba mkono wa kushoto wa Tom haufanyi kazi tangu uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto. Jem anahesabu ushindi kabla ya hukumu. Jopo la raia wanaoamua kesi linakaa kwa saa kadhaa, linarudi, linasema ana hatia. Jem analia kwa hasira njia nzima. Baadaye Scout anapotaka kumponda mdudu mdogo anayejiviringa sakafuni, Jem anamzuia, kwa sababu mdudu huyo hajamkosea. Ni tukio dogo, wengi hulipita haraka, lakini mimi naliona ndilo linaloonyesha alivyokua kuliko machozi yale.

Wahenga wetu walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Liangalie hilo neno "kwa". Kilio hakimwendei shujaa peke yake, kinakwenda nyumbani kwake. Scout anapigana shuleni kwa sababu ya baba yake, na mwishowe Bob Ewell anawavizia watoto gizani na kumvunja Jem mkono. Atticus alikuwa tayari kulipa. Wanawe hakuna aliyewauliza.

Tena haya si mambo ya kubuni tu. Mwaka 1931, hukohuko Alabama, vijana weusi tisa walisingiziwa kuwabaka wanawake wawili wa kizungu ndani ya treni ya mizigo, kesi iliyojulikana kwa jina la mji wa Scottsboro. Wanane walihukumiwa kifo haraka haraka. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamuru kesi isikilizwe upya, Jaji James Horton, mzungu wa hapohapo Alabama, alimsikiliza mmoja wa wale wanawake akikana madai yake mwenyewe. Jopo likamtia hatiani Haywood Patterson, mmoja wa wale vijana tisa, hata hivyo. Juni 1933 Horton akaitupa hukumu ya jopo na kuagiza kesi nyingine. Mwaka uliofuata wapiga kura wakamtoa kwenye kiti cha ujaji. Na Patterson hakuachiwa. Alishtakiwa tena mbele ya jaji mwingine, akatiwa hatiani tena.

Nina neno moja dhidi ya kitabu hiki ninachokipenda. Bi. Dubose kapewa sura nzima na sifa kutoka kinywani mwa Atticus. Tom Robinson hakupewa. Naye alifanya nini? Alikuwa akimsaidia Mayella kazi za nyumbani bila kudai senti, na siku ya kesi, mbele ya jopo la wazungu watupu, mwendesha mashtaka alipomuuliza kwa nini, akajibu kwamba alimwonea huruma. Mtu mweusi kumwonea huruma mwanamke wa kizungu! Mwendesha mashtaka akalidaka neno hilo palepale, na ukumbi mzima ukaelewa kwamba Tom ameteleza. Angeweza kudanganya, akatafuta jibu la kuwapendeza. Alisema kweli, akahukumiwa, na baadaye akapigwa risasi 17 akijaribu kuruka ua wa gereza.