Mkengeuko: mpira mweupe unapoiacha njia ya fimbo

Uko kwenye meza ya pool, na mpira mweupe ndio unaoupiga kwa fimbo. Mpira wa rangi umekaa mita moja mbele yako, karibu umenyooka na shimo. Kuuingiza si kazi. Kazi ni mpira mweupe: unataka uufuate mbele, ugonge ukingo, kisha uchepukie kulia kuusubiri mpira unaofuata. Basi unaisogeza ncha ya fimbo upande wa kulia wa mweupe na kupiga kwa nguvu. Mpira wa rangi unagonga taya la kulia la shimo na kubaki nje. Unachukua chaki, unapaka ncha upya, kana kwamba chaki ndiyo iliyokosa.

Kilichotokea hapo ndicho ninachokiita mkengeuko. Mpira mweupe ukipigwa katikati hufuata mstari wa fimbo. Ukipigwa pembeni ili upate spini, yaani ujizungushe ukienda, hauufuati mstari huo. Hutoka kwa pembe ndogo kuelekea upande ulio kinyume na ule ulioguswa. Piga kulia, utakwenda kushoto kidogo. Piga kushoto, utakwenda kulia. Pembe yenyewe ni ya kuchekesha kwa udogo wake: spini ikiwa kali, fimbo ya kawaida huupeleka mpira pembeni kwa digrii 2 hivi. Lakini digrii 2 baada ya mita moja ni sentimita 3.5, na mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57 tu. Yaani ulipolenga kugonga uso kwa uso, unagonga ubavu.

Chanzo chake kinahitaji kutazamwa kwa karibu sana, kwa sababu kila kitu kinaisha ndani ya takriban sekunde 0.001. Huo ndio muda ambao ncha na mpira hugusana. Ncha ikiwa imegusa kulia, mpira huanza kuzunguka kabla haujaachana nayo, na ile sehemu iliyoguswa huzunguka ikielekea mbele na kulia. Ncha imeng'ang'ania hapo kwa msuguano wa chaki na ngozi iliyoifunika, kwa hiyo inavutwa kulia pamoja nayo. Lakini fimbo ina uzito wake, haikubali kusogezwa bure. Kadiri mpira unavyoisukuma kulia, ndivyo nayo inavyousukuma mpira kushoto. Mbele ya fimbo ikiwa nyepesi inatii haraka na ugomvi unakwisha. Ikiwa nzito inagoma, na anayehama ni mpira.

Wachezaji wengi husema hapa kwamba siri ni ulaini: fimbo inayopinda haina mkengeuko, fimbo ngumu inao. Wanakaribia, ila hawajafika. Kinachotawala ni uzito wa mbele kabisa, zile sentimita 15 hadi 20 za kwanza kutoka kwenye ncha. Mtikisiko unaoanzia nchani husafiri kurudi nyuma kwenye mti, na kabla haujafika mbali, mpira umeshaondoka. Mkono wako, kitako cha fimbo, hata maungio ya katikati, vyote hupata habari mambo yakiwa yamekwisha. Ukitaka kujithibitishia, funga kijiuzito kwa utepe karibu na ncha, upige, halafu ukihamishie kitakoni upige tena. Mbele, mkengeuko unaongezeka waziwazi. Nyuma, mpira haujui kama umeongeza chochote. Ndiyo maana kubishania fimbo ya gramu 540 na ya gramu 600 hakusaidii kitu katika suala hili. Tofauti hiyo kwa kawaida imekaa kitakoni.

Zamani mjadala huu usingekuwepo, kwa kuwa aliyethubutu kupiga pembeni aliteleza tu. Fimbo zilikuwa mti mtupu. Ncha ya ngozi huhesabiwa kuwa kazi ya François Mingaud, kapteni wa askari wa miguu wa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, na inasimuliwa kwamba aliifanyia kazi akiwa kifungoni. Kisha ikaja chaki tunayoijua leo, ambayo kusema kweli si chaki: ile iliyopewa hataza Marekani mwaka 1897 kwa William Spinks na William Hoskins ilitengenezwa kwa silika, madini ya mchanga, na unga wa kukwaruza. Ngozi na unga huo vikakupa ruhusa ya kugusa mpira mbali na katikati hadi nusu ya nusu-kipenyo chake, milimita 14 hivi. Ukivuka hapo, utasikia ule mlio wa aibu na kuona fimbo imeruka pembeni.

Biashara iliingia baadaye. Mwaka 1994 kampuni ya Predator ya Marekani ilileta sokoni kipande cha mbele cha fimbo kilichotengenezwa makusudi kupunguza mkengeuko, na tangu hapo karibu kila mtengenezaji ana cha kwake. Mbinu zote zinarudi kulekule kwenye uzito: toboa uwazi ndani ya mti karibu na ncha, weka pete fupi na nyepesi chini ya ngozi, punguza unene kutoka milimita 13. Siku hizi wapo wanaoacha mti kabisa na kutumia nyuzi za kaboni. Fimbo za snuka, ambazo ncha yake ni milimita 9 au 10, zilikuwa na faida hiyo kwa wembamba wake tu, kabla ya yeyote kuitangaza.

Fimbo hizi mpya zina nafuu ya kweli, ila wauzaji wameitia chumvi. Mkengeuko unapungua, haufi. Na hakuna spini ya ziada iliyofichwa ndani yake. Spini inatokana na umbali wa kugusa kutoka katikati na kasi ya pigo. Mahali palepale, kwa kasi ileile, fimbo ya kale na ya kisasa hutoa spini inayokaribiana sana. Anayeapa kwamba fimbo mpya "inazungusha zaidi" kwa kawaida amepata ujasiri wa kugusa mbali zaidi, kwa kuwa sasa hakosi. Wanaosema fimbo mpya hazihitajiki hutoa hoja ya Willie Mosconi, bingwa wa pool wa Marekani, aliyeingiza mipira 526 mfululizo mwaka 1954 kwa fimbo ya mti wa kawaida. Ni kweli, ila alikuwa akicheza mchezo ambao bingwa hujipangia mapigo mafupi na spini ndogo ya pembeni, kwa hiyo mkengeuko haukupewa nafasi ya kumwadhibu. Hoja hiyo inaonyesha ubora wa Mosconi kuliko ubora wa fimbo.

Jambo moja linalochanganya watu ni kwamba mkengeuko hauji peke yake. Fimbo haikai mlalo kabisa, maana kuna ukingo wa meza unaoinua kitako. Ukipiga na spini ya kulia katika hali hiyo, mpira hutoka kushoto kwa mkengeuko, halafu ukiwa njiani hujipinda taratibu kurudi kulia. Pigo la taratibu lina muda wa kujipinda, na mara nyingine kosa lote linajifuta kabla mpira haujafika. Pigo la nguvu halina muda huo. Kwa hiyo mtu anaweza kupiga pigo lilelile kwa mlengo uleule, moja likaingia na lingine likakosa, akadhani mkono umemtetemeka, kumbe ni kasi tu. Kitambaa nacho kina neno lake. Kipya huteleza, mpira unachelewa kujipinda. Kilichochakaa au kilicholowa unyevu kinaushika mapema. Na mipira miwili inapogusana, msuguano kati yao huupotosha ule wa rangi kidogo, lakini hilo ni suala jingine, na haifai kulibebesha fimbo.

Cha ajabu, mchezaji akifika kwenye klabu na kuchagua fimbo kutoka ukutani, anaiviringisha mezani kuona kama imenyooka, anaupima uzito mkononi, anatazama ngozi. Mkengeuko, ambao utaamua nusu ya mapigo yake ya spini, haupimi. Na kuupima ni dakika tano. Weka mpira wa rangi ng'ambo ya meza, lenga katikati ya mweupe kama unayetaka kuugonga uso kwa uso. Sasa usiondoe mkono wa mbele unaoegemeza fimbo. Sogeza mkono wa nyuma tu kwenda kushoto, mpaka ncha ije upande wa kulia wa mpira. Piga kwa nguvu, ili kujipinda kusiingilie. Fimbo sasa imeelekea kulia, mkengeuko unavuta kushoto, na mahali fulani viwili hivyo vinalingana. Mpira wa rangi ukigongwa upande wake wa kulia, mkono wako wa mbele uko karibu mno na mpira, urudishe nyuma. Ukigongwa kushoto, uko mbali mno, usogeze mbele. Rudia hadi ugongwe uso kwa uso, mweupe ukabaki unazunguka palepale kama pia.

Umbali huo kutoka kwenye mkono hadi kwenye mpira ni wa fimbo hiyo, si wako. Fimbo zenye mkengeuko mkubwa hutoa umbali mfupi, zenye mdogo hutoa mrefu, wakati mwingine mrefu kuliko mkono unavyoweza kuegemea kwa starehe. Fimbo ikiwa yako, tia alama ndogo ya penseli hapo.