Sindano ya jeni na ng'ombe wa Bahi

Mama mmoja kutoka Bahi alinisikilizisha ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Unasema kuna sindano moja ya jeni inayoponya kudhoofika kwa misuli, na kwamba unaweza kuanza malipo hata kwa bei ya ng'ombe wanne. Mwanawe wa miaka sita alikuwa amekaa sakafuni. Nikamwomba asimame. Aligeuka akapiga magoti, akainua makalio, kisha akajikwea mapajani kwa mikono yake mwenyewe mpaka akanyooka. Mashavu ya miguu yamejaa kama ya mchezaji mpira, kumbe ni mafuta na makovu.

Ugonjwa huo unaitwa Duchenne. Jeni ya distrofini, yaani maelekezo ya kutengeneza protini moja ya misuli, iko kwenye kromosomu ya X, nayo ina hitilafu. Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Ndiyo maana ugonjwa huwapata hasa wavulana, takriban mmoja kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Distrofini huushika ukuta wa seli ya msuli kama fito zinavyoushika udongo wa tembe. Ikikosekana, ukuta unabomoka kidogo kidogo kila mtoto anapotembea.

Ujumbe ule si uongo mtupu. Juni 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni iitwayo Elevidys. Kirusi kisichodhuru huondolewa jeni zake, kikapakiwa jeni ya distrofini na kupelekwa kwenye misuli. Tatizo ni mzigo: kirusi hicho hubeba herufi za kijenetiki zipatazo 4,700, wakati maelekezo ya kutengeneza distrofini nzima yanahitaji kama 11,000. Bajaji haibebi shehena ya Fuso. Watafiti wakalazimika kuifupisha jeni, wakabakiza sehemu walizoona ni muhimu zaidi. Misuli iliyokwisha kuharibika hairudi. Tena mwili ukishakijua kirusi hicho hukitengenezea kinga, kwa hiyo hakuna sindano ya pili.

Matokeo je? Utafiti mkubwa uliotangazwa 2023 haukufikia lengo lake kuu. Mwaka 2025 wavulana wawili waliokwisha kuacha kutembea walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi baada ya kupewa dawa hiyo. Bei yake ni dola milioni 3.2, zaidi ya shilingi bilioni 7. Anayekuuzia kwa ng'ombe wanne anakuuzia kitu kingine.

Yapo ya kufanya hapahapa. Kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya cha misuli, huonyesha mapema kama misuli inavuja. Kwa Duchenne hupanda mara nyingi kupita kawaida. Wenzangu kwenye vituo vya afya, tafadhali: vimeng'enya vya ALT na AST, tunavyovipima kuangalia ini, hutoka kwenye misuli pia. Mvulana anayeanguka-anguka na vipimo vyake vya ini viko juu, apimwe CK kabla hamjamtafutia homa ya ini. Dawa ya prednisolone ikisimamiwa na daktari huongeza muda wa kutembea, lakini isinunuliwe kiholela dukani wala kuachwa ghafla. Kifundo cha mguu kinyooshwe kila siku. Moyo nao upimwe, maana na wenyewe ni msuli.

Yule mama, akiwa tayari mlangoni, alikumbuka kwamba kaka yake aliacha kutembea akiwa darasa la tano na akafariki na miaka 19. Ukoo ulisema amerogwa. Nikamuuliza nyumbani amebaki nani. Akasema yupo mdogo wake huyu mtoto, wa kiume, ana miaka miwili, na bado hajaweza kukimbia. Tumepanga amlete Jumatatu.