Je, wajua kwa nini nchi moja huweza kuukwamisha Umoja wa Ulaya mzima?

Brussels, 14 Desemba 2023. Viongozi wa nchi 27 wanaamua kama waanze mazungumzo ya kuipokea Ukraine. Jambo hilo linataka kauli moja, na Viktor Orbán, Waziri Mkuu wa Hungary wakati huo, alishatangaza kwamba hakubali. Ilipofika saa ya kuamua, akatoka nje. Wenzake 26 wakapitisha. Kauli moja hailazimu wote waseme ndiyo. Inatosha asiwepo wa kusema hapana.

Mambo mengi ya kila siku hayafiki huko. Sheria za soko au mazingira hupita kwa wingi maalumu: nchi 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Wanaotaka kuzuia lazima wawe nchi nne au zaidi, ili mataifa makubwa matatu yasiwaburuze wengine. Kauli moja imebaki kwenye kodi, mambo ya nje, wanachama wapya na bajeti ya miaka saba.

Mbona wasiifute? Malta ina watu nusu milioni na kidogo, Ujerumani wamepita milioni 83. Ukiwa mdogo kiasi hicho, kura ya turufu huiachii kirahisi. Tena Ibara ya 4 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inautaka Umoja uheshimu utambulisho wa kila taifa, huku Ibara ya 2 ikitaja tunu za wote, zikiwemo demokrasia na utawala wa sheria. Ugomvi wote uko katikati ya ibara hizo mbili.

Kisha kuna fundo lenyewe: kuiondoa kauli moja kunahitaji kauli moja. Hata kwa njia ya mkato, bunge la nchi moja likipinga ndani ya miezi sita, basi. Njia ndefu ni mkataba mpya unaoridhiwa na nchi zote. Mwaka 2005 Wafaransa na Waholanzi waliikataa Katiba ya Ulaya. Mengi yaliyokuwamo yakarudi katika Mkataba wa Lisbon, bila jina “katiba” na bila vifungu vya bendera na wimbo (bendera yenyewe inapepea mpaka leo). Waireland nao wakaukataa Juni 2008, wakaukubali Oktoba 2009 baada ya kuahidiwa, pamoja na mengine, kwamba hawatapoteza kamishna wao katika Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja.

Je, anayevunja tunu? Ibara ya 7 inaruhusu kumnyima kura, lakini kwanza wenzake wote wakubaliane kwamba amevunja. Poland ilifunguliwa hatua hiyo mwaka 2017 na Hungary mwaka 2018. Zikawa zinakingiana kifua. Ndipo ikabuniwa dawa ya pesa: tangu 2021 fedha za Umoja huweza kuzuiwa kwa wingi maalumu. Desemba 2022 Hungary ikafungiwa takriban euro bilioni 6.3.

Dawa hiyo nayo ina mwanya. Siku moja kabla ya Orbán kutoka chumbani, Tume ya Ulaya iliifungulia Hungary zaidi ya euro bilioni 10 za mafungu mengine yaliyokuwa yamezuiwa, ikisema nchi hiyo imerekebisha sheria za mahakama. Bunge la Ulaya halikuridhika: Machi 2024 likaishtaki Tume.