Ufadhili wa klasiki kwa wanafunzi wa jamii za wachache: maana yake hasa

Ukitajwa ufadhili wa masomo, wengi wetu tunafikiria ada: fedha zinaenda chuoni, mwanafunzi anaingia darasani, basi. Ufadhili ninaoueleza hapa hauko hivyo. Huko Marekani kuna msaada unaotolewa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotoka jamii za wachache na wanaosomea klasiki au akiolojia ya klasiki. Mara nyingi kinachogharimiwa kwa fedha hizo ni kiangazi kimoja. Ili kuona kwa nini kiangazi, tuanze na somo lenyewe.

Klasiki ni somo la Wagiriki na Warumi wa kale: lugha zao, Kigiriki cha kale na Kilatini, pamoja na fasihi, falsafa, sheria na historia iliyoandikwa kwa lugha hizo. Akiolojia ya klasiki inawasoma watu haohao kupitia walivyoviacha ardhini: vigae, sarafu, misingi ya nyumba, makaburi. Wala si mambo ya mbali nasi kama yanavyosikika. Miongoni mwa maelezo ya kale zaidi ya pwani ya Afrika Mashariki ni yale yaliyoandikwa kwa Kigiriki katika mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, uitwao Periplus ya Bahari ya Erythraea. Humo imetajwa bandari ya Rhapta, na mwandishi anaeleza kwamba jina hilo limetokana na mashua zake zilizoshonwa. Aliyewahi kusikia habari za mtepe, jahazi la pwani lililoshonwa kwa kamba, hahitaji tafsiri zaidi.

Ugumu wa klasiki uko kwenye lugha. Chukua neno moja la Kilatini, *amabimur*. *Ama-* ni kupenda, *-bi-* inaonyesha wakati ujao, *-mur* ni sisi, tena sisi tunaotendwa. Tutapendwa. Mswahili halishangai neno linalobeba sentensi nzima. Ila viambishi vyetu vinakaa kwenye foleni na vinahesabika, ilhali vya Kilatini, na vya Kigiriki zaidi, vinayeyukiana na kubadilika kutoka kundi moja la vitenzi hadi jingine. Kufikia kusoma ukurasa mzima bila kushika kamusi kila mstari ni kazi ya miaka. Na anayetaka kuendelea hadi uzamivu anatazamiwa kufika mlangoni akiwa na lugha zote mbili, kisha aongeze kusoma Kijerumani na Kifaransa, kwa kuwa utafiti mwingi umeandikwa humo.

Sasa wapo watoto wanaoanza Kilatini wakiwa na miaka 12 au 13, katika shule za kulipia au shule za serikali zenye uwezo. Wapo wengine, na miongoni mwao watoto Weusi, wa Kilatino na wa wenyeji asilia wa Marekani ni wengi, ambao shule zao hazijawahi kuwa na mwalimu wa Kilatini. Hawa wanakutana na somo hili chuoni wakiwa na miaka 18 au 19, wanalipenda, halafu wanagundua kwamba wenzao wametangulia miaka sita. Akili wanayo, muda ndio umewapita.

Pengo hilo linazibwa wakati wa kiangazi. New York kuna taasisi ya Kilatini na Kigiriki ya chuo kikuu cha jiji, iliyoanza 1973, ambako kozi za chuo za miaka kadhaa zinashindiliwa katika majira moja, asubuhi hadi jioni, na usiku mazoezi. Athens kuna shule ya Wamarekani ya masomo ya klasiki, iliyoanzishwa 1881, inayochimbua uwanja wa kale wa Agora tangu 1931 na kupokea wanafunzi kila kiangazi. Huko mwanafunzi anapiga magoti na mwiko mkononi, anakwangua udongo tabaka kwa tabaka, na kigae cha ukubwa wa kucha kinaoshwa kwa mswaki na kuandikwa namba. Akiolojia haifundishiki kwa picha peke yake.

Tatizo ni kwamba kiangazi ndicho kipindi ambacho mwanafunzi asiye na kitu anafanya kazi dukani, mgahawani au ghalani ili apate fedha za mwaka unaofuata. Na shule nyingi za uchimbaji zinamtoza mwanafunzi. Kwa hiyo analipia nafasi, analipia ndege, na juu ya hayo anapoteza mshahara ambao angeupata. Aliyezaliwa kwenye nafasi hahisi uzito huo. Asiyenacho anabaki nyumbani, na miaka miwili baadaye maombi yake ya uzamivu yanarudi na jibu kwamba lugha zake bado. Ufadhili huu unalenga hapo hasa. Kiasi chake kwa kawaida ni dola elfu chache, zisizotosha ada ya muhula katika vyuo vingi vya Marekani, lakini zinatosha kuununua muda ule.

"Jamii za wachache" nalo ni neno la kuangaliwa. Halimaanishi kundi lolote lenye watu wachache, wala si jina jingine la maskini. Katika matumizi ya Marekani linahusu rangi na asili: Weusi, Walatino, wenye asili ya Asia, wenyeji asilia. Hali ya kifedha inaweza kuangaliwa pia, ila ni kigezo kingine. Na kijana aliyetoka Nairobi au Mwanza kwa viza ya mwanafunzi asidhani anahesabiwa moja kwa moja kwa sababu ya rangi yake. Kila mfuko una masharti yake kuhusu ukaazi na chuo, nayo yasomwe kabla ya kujaza fomu.

Kwa nini msaada kama huu uwepo katika somo hili? Historia yake inauma. Alexander Crummell, mchungaji Mweusi, alisimulia kwamba akiwa kijana tarishi wa ofisini huko New York miaka ya 1830, alisikia maneno yaliyohusishwa na mwanasiasa John C. Calhoun: akipatikana Mweusi anayejua sarufi ya Kigiriki, ndipo ataamini kwamba Mweusi ni binadamu. Crummell alikwenda Cambridge akasoma, akahitimu 1853.

Kisha akaja William Sanders Scarborough. Alizaliwa utumwani Macon, Georgia, mwaka 1852, akajifunza kusoma kwa siri. Mwaka 1881 alichapisha kitabu cha kufundishia Kigiriki kwa wanaoanza, na mwaka uliofuata akaingia katika chama cha wanafilolojia wa Marekani, yaani wataalamu wa lugha na maandishi ya kale, kilichoundwa 1869. Baadaye alikuwa rais wa chuo kikuu cha Wilberforce. Pamoja na yote hayo, mkutano wa chama ulipofanyika Baltimore mwaka 1909, hoteli ilikataa kuandaa chakula cha jioni cha wajumbe endapo Scarborough angekuwepo. Hakwenda.

Chama hicho ndicho leo kinaitwa Society for Classical Studies, na ndicho chenye ufadhili unaojulikana zaidi wa aina hii. Kwa miaka mingi fedha zake zilichangishwa kwenye kifungua kinywa katika mkutano wa mwaka, kwa tiketi na bahati nasibu ya vitabu. Kila nikikumbuka chakula kile alichonyimwa Scarborough, naona meza hiyo ya asubuhi ina uzito wake.

Haja haijapungua. Chuo kikuu cha Howard, kilichokuwa na idara pekee ya klasiki miongoni mwa vyuo vya kihistoria vya Weusi, yaani vilivyoanzishwa kuwasomesha Weusi, kiliivunja mwaka 2021. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia rangi katika udahili. Hukumu ilihusu udahili, lakini mifuko mingi ya ufadhili imebadilisha maneno ya masharti yake. Kwa hiyo anayetafuta asitafute neno "wachache" tu. Atazame pia misaada inayotaja wanafunzi wa kwanza katika familia kufika chuo kikuu, au makundi yasiyo na uwakilishi wa kutosha katika fani.

Maombi hupokelewa mapema, kabla kiangazi hakijakaribia, kwa kuwa kozi za lugha na uchimbaji hujaza nafasi zake mapema vilevile. Barua inayosaidia zaidi ni ya mwalimu wa Kilatini au Kigiriki anayemjua mwombaji darasani. Na mwombaji mwenyewe aeleze amefika wapi katika lugha, anaomba kwenda wapi, na akirudi ataweza kusoma nini ambacho leo hawezi.