Je, wajua kwa nini aliyepunguzwa mfuko wa chakula hasikii njaa kama zamani?

Ukiwa mnene sana na upande matatu hapa Nairobi, kuna makanga atakayekuambia ulipe viti viwili. Nyuma ya tusi hilo kuna imani kwamba mnene ni mlafi, angefunga mdomo tu angepungua. Imani hiyo inaumiza watu, tena si kweli.

Sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutoa homoni iitwayo grelini, iliyotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba mwili unataka chakula. Mtu akijinyima ugali na chapati hadi akapungua kilo 15, grelini hupanda, na mwili huanza kubana matumizi ya nishati kana kwamba kuna kiangazi. Ndiyo maana kilo hurudi hata kwa mwenye bidii.

Katika aina ya upasuaji wa kupunguza uzito inayofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari hutoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, ukabaki mrija wenye umbo la ndizi. Kinachotolewa ndicho hasa kiwanda kikuu cha grelini. Njaa hupungua kwa sababu anayeitangaza ameondoka.

Aina nyingine ni baipasi. Hutengenezwa kifuko kisichozidi yai la kuku, kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikairuka sehemu ya kwanza ya utumbo. Kinapofika huko mapema, utumbo humwaga homoni za shibe ambazo pia huchochea insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Hapa ndipo ninapostaajabu: kwa wengi wenye kisukari cha aina ya pili, sukari huanza kushuka siku chache tu baadaye, kabla uzito haujapungua sana. Kula kidogo mno siku hizo nako huchangia.

Mkanda wa kubana mfuko, uliovuma zamani, umeachwa na madaktari wengi kwa kuwa wagonjwa wengi waliishia kutolewa mkanda huo.

Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango cha uzito ambacho mtu anaweza kuanza kufikiriwa kufanyiwa upasuaji. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.65, ni takriban kilo 95, au kilo 82 akiwa na kisukari cha aina ya pili. Nairobi upasuaji huu upo, Aga Khan pale Parklands ikiwa mojawapo ya hospitali zinazoufanya.

Hata hivyo, usiingie bila kujua gharama yake mwilini. Vitamini na madini, hasa B12, chuma na kalsiamu, humezwa maisha yote. Baada ya baipasi, kikombe cha chai yenye sukari nyingi kinaweza kukutoa jasho na kukupiga moyo mbio. Mwanamke hushauriwa asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, ilhali uwezo wa kushika mimba huweza kurudi upesi kuliko alivyodhani, kwa hiyo habari ya mpango wa uzazi izungumzwe kabla ya siku ya upasuaji.